Karatasi Haina Chaji, na Bado Inavutwa

Juma lililopita mzazi mmoja alinijia na karatasi ya mtihani ya mwanawe, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kosa la mtoto liko wapi?" Mtoto alikuwa ameandika kwamba rula ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele huvuta vipande vya karatasi kwa sababu rula ina chaji hasi na karatasi ina chaji chanya. Jibu hilo nimelisahihisha hapa Mombasa mwaka baada ya mwaka, na safari hii nimeona heri nilieleze kwa maandishi.

Karatasi haina chaji. Protoni zake, zenye chaji chanya, na elektroni zake, zenye chaji hasi, ni sawa kwa idadi, kwa hiyo jumla ni sifuri kabla ya rula kusogezwa, na hubaki sifuri rula inapokaribia. Kinachobadilika ni mpangilio. Chaji hasi ya rula huzisukuma elektroni za karatasi, nazo, kwa kuwa haziwezi kuziacha molekuli zake, hujongea umbali ulio mdogo hata kuliko upana wa atomu, na upande unaoielekea rula ukabaki na chaji chanya kidogo. Hapo rula huvuta upande mmoja na kusukuma wa pili, na mtu angetarajia kani hizo zifutane. Hazifutani, kwa sababu kanuni aliyoitangaza mwanafizikia Mfaransa Coulomb mwaka 1785 inasema kwamba umbali ukizidi mara mbili, kani hubaki robo. Upande wa karibu huvutwa kwa kani inayozidi kidogo tu ile inayousukuma upande wa mbali, na kidogo hicho chatosha kuinua karatasi. Baluni lililosuguliwa hunata ukutani, na ukuta hakuna aliyeusugua!

Kwa hiyo kuvutana hakuthibitishi kwamba vitu vyote viwili vina chaji. Kinachothibitisha ni kusukumana. Anayetaka ushahidi atazame kwa subira: baadhi ya vipande vikishaigusa rula hutulia kidogo, kisha huruka mbali, kwa kuwa sasa vimepokea chaji ya rula yenyewe.

Kusugua nako hakuumbi chaji: ilichopata rula, nywele zimekipoteza. Na jaribio likikataa wakati wa masika, nadharia haina kosa. Unyevu umeweka utando wa maji juu ya rula na chaji inavuja. Ianike rula juani kwanza, na utumie nywele kavu zisizo na mafuta.

Lipo jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kana kwamba limekwisha. Tunafundisha kwamba zinazohama wakati wa kusugua ni elektroni. Kwa metali hilo ni thabiti. Kwa vitu viwili visivyopitisha umeme, watafiti bado wanajadiliana iwapo ni elektroni, ioni (atomu au molekuli zenye chaji), au chembe ndogo mno za mada zinazobanduka, na uso uliosuguliwa, ukipimwa kwa karibu, waweza kuonyesha madoa chanya na hasi kwa pamoja. Mimi huandika "elektroni" ubaoni, na kila mara nasita. Mwanafunzi akiniuliza nina uhakika gani, humjibu kwamba nina uhakika wa jumla ya chaji na wa ishara yake. Kuhusu kinachoibeba, namwambia mjadala bado uko wazi.