Muda wa skrini ni nini hasa?

Muda wa skrini ni jumla ya saa ambazo mtoto anakaa mbele ya runinga, simu, kishikwambi, kompyuta au michezo ya video. Kwa mtoto mdogo, hesabu ya saa ina uzito wake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asipitishe saa 1 kwa siku. Ikipungua, ni heri zaidi. Kuongea na bibi kwa simu ya video ni jambo jingine: hapo kuna mtu anayemwitikia mtoto.

Kwa mtoto mkubwa, saa peke yake hazitoshi kueleza kitu. Watoto wawili wanaweza kukaa saa mbili mbili. Mmoja anajifunza kuchora kwa kufuata video, dada yake yuko pembeni. Mwingine yuko peke yake gizani, usiku wa manane, akipitia picha za watu na kujilinganisha nao. Ndiyo maana mimi huona swali la maana kuliko yote ni hili: skrini imekula muda wa nini?

Mara nyingi imekula usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku. Mwanga wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na yale anayoyatazama humwacha akili ikiwa macho. Asiyelala vya kutosha huamka na hasira, darasani hatulii, na huzuni humwingia upesi.

Tusimwite mtoto mkaidi kwa sababu ameshindwa kuacha. Video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Ukurasa wa mtandao wa kijamii hauna mwisho. Vimeundwa hivyo makusudi, na hata sisi watu wazima vinatushinda. Kumwambia mapema "katuni hii ikiisha tunazima" kunamsaidia kuliko kumpokonya katikati.

Tena, tusikimbilie kusema simu ndiyo iliyomharibu. Utafiti umeona matumizi makubwa yakiambatana na wasiwasi na huzuni, lakini mtoto mwenye huzuni naye hukimbilia simu. Akianza kujitenga, kuacha michezo aliyoipenda au kuficha anachotazama, keti naye, muulize taratibu kabla ya kuinyang'anya. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya. Akizungumzia kujidhuru, msisubiri hata siku moja.

Kwa nyumba inayotaka kuanza mahali, ningeanza na usiku: simu zote zichajiwe sebuleni, za baba na mama zikiwemo.