Je, wajua? Ulaji wa ardhi ya reli unavyofanya kazi ndani ya True Detective

Msimu wa pili wa tamthilia ya True Detective, uliorushwa na HBO kuanzia tarehe 21 Juni 2015 kwa sehemu nane, unaanza na maiti. Ben Caspere, mkurugenzi wa mji mdogo wa viwanda uitwao Vinci, anakutwa ameketishwa kando ya barabara kuu ya pwani ya California, macho yamechomwa kwa tindikali. Watazamaji wengi walikazana kumtafuta muuaji, kisha wakalalamika kwamba habari za ardhi ziliwachanganya. Ni hasara kubwa, kwa sababu ardhi ndiyo iliyobeba kisa chote. Mtu anapataje mamilioni kutokana na reli ambayo hata taruma moja halijalazwa?

Kwa ufupi, mambo yako hivi. Reli ya mwendo kasi inatarajiwa kupita katikati ya California, na serikali kuu itamwaga fedha. Caspere na wakubwa wenzake wanajua njia kabla ya umma kujua. Wanaanza kukusanya mashamba. Frank Semyon, mhalifu anayetaka kugeuka mfanyabiashara halali, anamkabidhi Caspere fedha zake ili apate sehemu ya ardhi hiyo. Caspere anauawa, fedha hazionekani, na Semyon hana hati hata moja yenye jina lake. Hawezi kwenda mahakamani kwa sababu fedha zenyewe ni chafu. Hawezi kudai kampuni kwa sababu si mwanahisa. Unyonge huo wa Semyon ndio unaosukuma nusu ya matukio ya msimu mzima.

Sasa tuingie kwenye ardhi yenyewe. Wengi hudhani ujanja ni rahisi: nunua shamba linalopitiwa na reli, subiri, iuzie serikali kwa bei ya juu. Sheria ya California imeuziba mlango huo. Serikali ikitwaa ardhi kwa ajili ya mradi, hulipa bei ya soko, yaani bei ya juu kabisa ambayo muuzaji asiyelazimishwa na mnunuzi asiyelazimishwa wangekubaliana siku ya uthamini. Kifungu cha 1263.330 cha sheria ya mwenendo wa madai kinaongeza kwamba bei hiyo isihesabu ongezeko wala punguzo lililoletwa na mradi wenyewe. Tuseme ekari moja ilikuwa dola 10,000 kabla ya tangazo, na baada ya tangazo jirani akauza kwa 25,000. Mthamini anatakiwa kupiga hesabu kana kwamba hakuna reli inayokuja. Aliyenunua kwa 10,000 atalipwa kwenye kiwango hichohicho.

Basi faida iko wapi?

Njia ya kwanza ndiyo tamthilia imeichagua, na ni ya kikatili: kushusha bei ya kununulia. Udongo wa mashamba unachafuliwa kwa taka za migodi, kipimo kinaonyesha metali nzito, na mkulima anajikuta hana pa kushika. Benki haitaki kupokea rehani ya ardhi yenye sumu, kwa kuwa mkopo ukikwama benki yenyewe huenda ikarithi gharama ya kusafisha. Mnunuzi wa kawaida anakata gharama hiyo kwenye bei, mara nyingine ikazidi thamani ya shamba. Hapo anatokea mnunuzi mmoja tu, mwenye fedha taslimu na haraka. Rudi sasa kwenye kifungu kile. Kinakataza kuhesabu punguzo lililoletwa na mradi, kwa hiyo kama bei ingeshuka kwa sababu ya habari za reli, mkulima angekuwa na hoja ya kisheria. Sumu inaonekana kuwa kasoro ya ardhi yenyewe, haina uhusiano na reli. Ndiyo maana kuchafua udongo ni ujanja uliofikiriwa kwa kina, na waandishi wa tamthilia wanastahili sifa kwa kuliona pengo hilo.

Njia ya pili haihitaji sumu, na katika maisha halisi ndiyo yenye faida kubwa. Ni kununua ardhi ambayo mradi hautaigusa, ila utaipitia karibu. Hii haitwaliwi, kwa hiyo hakuna mthamini wa serikali wa kuizuia isipande. Los Angeles yenyewe ina mfano wake. Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya, alizunguka bonde la Owens akikusanya haki za maji na ardhi kabla wakazi hawajajua jiji linataka nini. Wakati huohuo, kundi la matajiri, akiwemo Harrison Gray Otis mwenye gazeti la Los Angeles Times, lilikuwa limejihakikishia takriban ekari 16,000 katika bonde la San Fernando kwa dola 35 kwa ekari. Mpango wa mfereji wa kuleta maji ya Owens Los Angeles ulitangazwa Julai 1905. Maji yalifika Novemba 1913 kupitia mfereji wa kilomita 375 uliosimamiwa na mhandisi William Mulholland, nayo yakafikia mwisho wake kwenye bonde hilohilo la San Fernando. Ardhi kavu ikawa ya kilimo, kisha ya nyumba.

Njia ya tatu ni uharaka wa serikali. Kutwaa ardhi kuna hatua zake: uthamini, ofa ya maandishi isiyopungua thamani iliyokadiriwa, haki ya mwenye ardhi kurudishiwa hadi dola 5,000 alizolipa mthamini wake mwenyewe, azimio la kwamba ardhi inahitajika kweli, kisha mahakama ikishindikana kuelewana. Kila hatua hula miezi. Mkandarasi akishasaini mkataba huku vipande vya ardhi bado havijapatikana, mitambo inakaa bure na anadai fidia ya kusubiri. Reli halisi ya mwendo kasi ya California iliangukia shimo hilo. Wapiga kura waliidhinisha hati fungani za dola bilioni 9.95 Novemba 2008, mkataba wa kwanza mkubwa wa ujenzi ukasainiwa 2013, na uzinduzi ukafanyika Fresno Januari 2015. Mkaguzi wa jimbo alipotoa ripoti yake 2018, alitaja kuanza ujenzi kabla ya kupata ardhi kuwa chanzo kimojawapo cha gharama kuvimba. Katika hali kama hiyo, mwenye kipande cha mwisho ana nguvu kuliko mwenye kipande cha kwanza, kwa sababu kumlipa zaidi ni nafuu kuliko kumsubiri. Sasa fikiria mwenye kipande hicho akiwa rafiki wa anayeidhinisha malipo.

Kikwazo kinachobaki ni jina. Tangu sheria ya mageuzi ya siasa ya 1974, maofisa wa umma California hujaza fomu namba 700 kila mwaka, wakitaja mali zao, zikiwemo ardhi zilizo ndani ya eneo wanalolisimamia. Kifungu cha 1090 cha sheria ya serikali kinamkataza ofisa kuwa na maslahi ya kifedha katika mkataba anaoufanya akiwa kazini. Kwa hiyo Caspere hawezi kununua kwa jina lake. Inaundwa kampuni, juu yake kampuni nyingine, na ya juu kabisa inasajiliwa jimbo kama Delaware, ambako nyaraka za usajili hazidai majina ya wamiliki. Mwaka 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani ilianza kuzilazimisha kampuni za bima ya hati, zinazomkinga mnunuzi dhidi ya kasoro za umiliki, kuripoti watu walio nyuma ya kampuni zinazonunua nyumba kwa fedha taslimu, kwanza Manhattan na Miami, baadaye mwaka huohuo Los Angeles pia. Lakini amri hiyo ilihusu nyumba za kuishi. Shamba la lozi halikuwamo.

Mpelelezi anaivunjaje ngome hiyo? Anaanza kwa msajili wa hati wa kaunti, wala hahitaji bunduki. Hati ya kuhamisha ardhi ikisajiliwa ni ya wazi kwa yeyote. Kodi ya uhamisho ya kaunti ni dola 1.10 kwa kila dola 1,000, hivyo hati iliyolipiwa kodi ya dola 1,100 ni ya ardhi iliyouzwa dola milioni moja, hata kama bei haikuandikwa popote. Hati pia ina anwani ya kupelekea madai ya kodi ya ardhi, na hapo ndipo wezi wengi huteleza: kampuni sita zenye majina sita, sanduku la posta moja. Kuna na mthibitishaji wa saini. California humtaka atunze daftari, na kwa hati za ardhi aliyesaini hupiga humo alama ya dole gumba. Jina la kubuni linaweza kupita, dole halipiti. Baada ya hapo kazi ni kupanga tarehe: siku ya ununuzi upande mmoja, siku njia ya reli ilipojadiliwa kwenye kikao cha faragha upande wa pili, siku ya tangazo upande wa tatu. Ununuzi ukijaa kati ya kikao na tangazo, mpelelezi ana orodha ya watu wa kuwahoji.

Mji wa Vinci haukutoka hewani. Umechorwa kwa kutazama Vernon, mji halisi kusini mwa kitovu cha Los Angeles, ulioanzishwa 1905 kwa ajili ya viwanda. Sensa ya 2010 ilikuta wakazi 112 tu, ilhali maelfu kwa maelfu huingia kufanya kazi kila siku. Nyumba karibu zote zilikuwa mali ya manispaa, hivyo mpiga kura alikuwa mpangaji wa haohao anaowapigia kura. Kuanzia 1980 hadi 2006 hakukuwa na uchaguzi wa baraza wenye ushindani. Meya Leonis Malburg, mjukuu wa mwanzilishi, alitiwa hatiani 2009 kwa udanganyifu wa kura, kwa kuwa aliishi nje ya mji aliouongoza. Bruce Malkenhorst, aliyekuwa mtendaji mkuu, alikiri mwaka 2011 kosa la kutumia vibaya fedha za umma. Jaribio la bunge la jimbo kuuvunja mji huo lilikwama mwaka huohuo. Mji wenye wapiga kura wachache na kodi nyingi ni mahali ambapo mkurugenzi anaweza kuhamisha fedha bila kuulizwa.

Kama hujautazama msimu huu na unataka kujionea mwisho mwenyewe, ishia hapa.

Caspere hakuuawa kwa sababu ya ardhi. Mwaka 1992, wakati wa ghasia za Los Angeles, yeye pamoja na polisi Holloway, Burris na Dixon walivamia duka la vito, wakawaua mume na mke wenye duka mbele ya watoto wao, wakaondoka na almasi. Almasi zile ndizo zilizowanunulia vyeo Vinci. Leonard, mmoja wa watoto wale, alikua akaja kulipiza kisasi. Lakini kifo cha Caspere kilikata mnyororo wa ulaji mahali palipokuwa dhaifu: mambo yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na fedha za Semyon zilikuwa mikononi mwake. Mkurugenzi akifa, ofisi yake hufungwa, diski kuu za kompyuta hutafutwa, mikataba hufunguliwa, na wapelelezi wa ngazi tatu, mji, kaunti na jimbo, hupata sababu halali ya kusoma karatasi ambazo vinginevyo hakuna ambaye angeziomba.