Je, wajua kwa nini seli humeza chembe moja ya silika na kuiacha nyingine?

Dagaa walioanikwa chini, pale mwaloni Kibirizi, huja na mchanga wao. Uwaoshe mara tatu, bado punje moja itabaki na italia kwenye jino. Vichanja vya kuanikia vimesaidia sana, lakini mkazi wa Kigoma bado anaijua ladha ya mchanga wa ziwani. Ukishamezwa, mchanga huo hupita tumboni na kutoka kama ulivyoingia. Mwili hauna habari nao.

Ndiyo maana mpwa wangu wa Ujiji, aliye kidato cha tatu, alishangaa aliposoma kwamba wanasayansi wanabebesha dawa za saratani kwenye chembe za silika, yaani kitu kile kile kinachofanya sehemu kubwa ya mchanga. Akaniuliza, "Mjomba, mchanga unaingiaje ndani ya seli?" Nimelibeba swali hilo kwa wiki nzima, kwa sababu jibu lake ni zuri kuliko nilivyodhani. Seli haijui ndani ya chembe kuna nini. Inachokutana nacho ni uso wa chembe, na uso unaweza kubadilishwa.

Kwanza ukubwa. Chukua punje ya mchanga yenye upana wa nusu milimita. Chembe tunazozungumzia huwa na upana wa nanomita 50 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kwa hiyo ungehitaji kupanga 10,000 kwa mstari ili kuvuka punje hiyo moja. Hazipatikani kwa kusaga mchanga. Hukuzwa ndani ya kimiminika. Mwaka 1968 Werner Stöber, Arthur Fink na Ernst Bohn walichapisha njia inayotumika hadi leo: kemikali yenye silikoni huchanganywa na pombe, maji na amonia, na vitufe vya silika hujiunda vyenyewe, vyote vikikaribiana kwa ukubwa. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil wakaeleza silika yenye matundu yaliyopangika kama sega la nyuki, kila tundu likiwa na upana wa nanomita chache tu. Matundu hayo ndiyo maghala ya dawa. Gramu moja ya silika ya namna hiyo inaweza kuwa na eneo la mita za mraba 1,000, ukihesabu kuta zote za ndani. Gramu saba hivi zingetosha kufunika sehemu yote ya kuchezea ya Uwanja wa Lake Tanganyika.

Sasa uso wenyewe. Juu ya silika kuna vikundi vidogo vya atomi viitwavyo silanoli: silikoni iliyoshika oksijeni, oksijeni nayo imeshika haidrojeni. Silika iliyoloweshwa vizuri huwa na silanoli karibu tano kwa kila nanomita moja ya mraba. Kitufe cha nanomita 50, kwa hesabu hiyo, kina silanoli zaidi ya 35,000, kama mikono iliyonyooshwa nje. Mikono hiyo inapenda maji. Vile vipakiti vyenye punje ngumu ndani ya boksi la viatu vipya ni silika, na silanoli ndizo zinazokamata unyevu ili viatu visiote ukungu.

Ukitaka kuona jinsi uso unavyogeuza tabia ya kitu, chukua mchanga mkavu, ugawe mafungu mawili. Fungu moja lipakaze mawese hadi kila punje ing'ae. Mwagia yote mawili maji. Mchanga mtupu utayanywa mara moja. Ule wa mawese utayakataa, matone yatasimama juu yake. Mchanga ni ule ule. Kilichobadilika ni utando mwembamba wa mafuta.

Wanakemia hufanya jambo kama hilo, ila wao hawapakazi tu. Hutumia kemikali za jamii ya silani, ambazo upande mmoja hufunga ndoa na silanoli kwa kifungo imara, na upande wa pili hubeba chochote unachotaka kionekane nje. Na hapo ndipo seli inapoingia kwenye habari hii.

Ndani ya damu, silika tupu ina chaji hasi. Utando wa seli nao, kwa nje, una chaji hasi kwa sababu ya sukari zenye asidi zilizoufunika. Ungetegemea visukumane viachane, na kwa kiasi fulani ndivyo inavyokuwa. Lakini silanoli zina nguvu ya kushika vichwa vya mafuta yanayojenga utando, na zikiushika kwa wingi zinaweza kuupasua. Maabarani, silika tupu ikichanganywa na seli nyekundu za damu zilizooshwa, baadhi ya seli hupasuka na rangi yake nyekundu humwagika. Ukizifunika silanoli hizo kwa nyuzi za polima iitwayo polietilini glaikoli, ambayo wataalamu huifupisha PEG, upasukaji hupungua sana. Nyuzi hizo hujaa maji, zikawa kama majani marefu ufukweni: kinachokuja hakipati pa kutua.

Ukivisha chembe amini, yaani vikundi vya atomi vyenye naitrojeni, badala yake, chaji hugeuka kuwa chanya. Chanya huvutwa na hasi, kwa hiyo chembe hung'ang'ania utando na seli huimeza kwa wepesi zaidi. Kumeza kwenyewe ni hivi: utando hubonyea, ukaizunguka chembe, ukajifunga na kuwa kifuko kinachoingia ndani. Kifuko hicho huishia kwenye lisosomu, jiko la seli la kuvunjia taka, lenye uchachu unaozidi sana ule wa damu. Watafiti wameutumia uchachu huo pia. Huziba matundu ya chembe kwa vizibo vinavyofunguka penye asidi, ili dawa itoke seli ikishaimeza na si njiani. Tatizo la chaji chanya ni kwamba haichagui. Humezwa na seli ya saratani, humezwa na seli yenye afya, na ikizidi hudhuru utando.

Basi wakaona waweke anwani. Transferini ni protini inayobeba madini ya chuma kwenye damu, na seli nyingi za saratani, kwa njaa yao ya chuma, huwa na vipokezi vingi vya kuipokea. Ukiibandika kwenye chembe, seli hiyo inapaswa kuifungulia mlango. Kwenye vyombo vya maabara visivyo na damu, mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri.

Damu ikaharibu mpango. Chembe yoyote ikiingia kwenye damu, protini huivamia na kuifunika ndani ya nusu dakika au chini ya hapo. Wanasayansi huliita vazi hilo korona ya protini. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Dublin lilionyesha kwamba chembe za silika zenye transferini zikiwekwa kwenye majimaji ya damu, hupoteza uwezo wa kuchagua seli. Anwani ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imefunikwa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote hapa: mkemia anaivisha chembe nguo aliyoishona kwa miezi, na damu inaivisha nyingine juu yake kabla haijafika popote.

PEG hupunguza uvamizi huo, ingawa haiumalizi. Chembe zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha Cornell, zenye silika, rangi inayong'aa na vazi la PEG, zilipewa kibali nchini Marekani mwaka 2011 kujaribiwa kwa wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi. Upana wake ni nanomita saba hivi, udogo ambao figo huweza kuuchuja, na chembe hutoka na mkojo.

Mpwa wangu aliuliza pia, "Mbona vumbi la mawe linaua wachimbaji?" Linaua kweli. Vumbi la mawe ya kwatzi ni silika ya fuwele, atomi zake zimepangika kwa safu, na likivutwa hukaa mapafuni. Seli za ulinzi hulimeza, hushindwa kuliyeyusha, hufa, na kovu hukua. Ugonjwa huo ni silikosisi, na tangu 1997 vumbi hilo limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani. Silika inayobebeshwa dawa si ya fuwele. Atomi zake hazina mpangilio huo, na ndani ya mwili huyeyuka polepole ikawa asidi ya silisiki, ambayo figo huitoa.

Asidi hiyo hiyo imo kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Diatomu, vimea vya seli moja visivyoonekana kwa macho, huifyonza na kujijengea magamba ya silika yenye matundu madogo yaliyopangika kwa ustadi. Vidudu vya majini huwala diatomu, na dagaa huwala vidudu hao.