Kituo cha pembezoni kwenye treni ya mikoani siyo treni ya mjini

Kila mjadala wa SGR, yaani reli mpya ya Dar kwenda Moro na Dodoma, ukianza lazima atokee mtu aseme "waongeze vituo hapo Buguruni, Vingunguti, Banana na Gongo la Mboto ili foleni ya Dar iishe", halafu mwingine anajibu "mbona Pugu kipo tayari, hicho si ndo kituo cha mjini". Hapana jamani. Hapo vitu viwili vimechanganywa, na vikichanganywa tunaishia kudai kitu ambacho hata tukipewa hakitatusaidia.

Maana yenyewe ni fupi. Kituo cha pembezoni kwenye treni ya masafa ni kituo kinachowekwa nje kidogo ya katikati ya jiji, kwenye njia ileile ya treni inayotoka mkoa mmoja kwenda mwingine, ili abiria wa safari ndefu wanaokaa upande huo wapandie au washukie hapo bila kulazimika kwenda stesheni kuu. Basi. Neno la kushika hapo ni safari ndefu.

Chukua Pugu. Mtu anayekaa Chanika au Kisarawe na safari yake ni Dodoma, bila kituo cha Pugu ingebidi apande daladala mpaka katikati ya jiji, akae kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, afike Stesheni (stesheni kuu ya Dar), apande treni, halafu treni hiyohiyo imrudishe kulekule alikotoka na kumpitisha karibu na kwao ndipo iendelee na safari. Hiyo ndo shida ambayo kituo cha pembezoni kinaitatua, na inaitatua vizuri sana, kwa sababu umbali alioondolewa mtu huyu ni kama km 20 za kwenda na kama km 20 za kurudi, na zile za kwenda ni za daladala kwenye msongamano.

Sasa mtu anayekaa Pugu na kazi yake iko Kariakoo ana shida tofauti kabisa. Huyu anataka treni saa 12 asubuhi, akiikosa ije nyingine baada ya dakika chache, nauli iwe ya kulipika kila siku, aingie bila kukaguliwa begi na kitambulisho, asimame ndani kama viti vimejaa, na milango iwe mipana ili watu washuke haraka. Treni ya mikoani haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina viti vyenye namba, tiketi ya jina, mizigo, na inapita mara chache kwa siku. Ukimwambia huyu mtu asubiri treni inayotoka Dodoma ndo impeleke Kariakoo, hujamsaidia kitu.

Kinachochangia mkanganyiko, na hapa nawaelewa watu, ni kwamba Pugu ina vyote viwili. Ipo stesheni ya SGR na ipo ile treni ya mjini ya reli ya zamani inayotoka Stesheni kwenda Pugu. Kumbukeni treni za mjini zilianza Oktoba 2012, ile ya kwenda Ubungo watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na TAZARA, wale wa reli ya Tanzania na Zambia, nao wakaanza yao ya kwenda Mwakanga. Zile ndo treni za mjini kwa maana yake, hata kama mabehewa yalikuwa machache na safari zilikuwa za asubuhi na jioni tu. Kwa hiyo mtu akisikia "treni ya Pugu" na "SGR inasimama Pugu" anadhani ni kitu kimoja, kumbe jina la sehemu ndo moja, kazi ni mbili.

Na kuna suala la kiti ambalo halisemwi kabisa. Mtu akipanda Pugu kwenda Dodoma, kiti chake kimeenda kitupu kutoka Stesheni hadi Pugu, km 20 tu, hasara ndogo. Lakini mtu akikata tiketi ya Stesheni hadi Pugu na asipatikane wa kukikalia kuanzia hapo, kiti kile kinakwenda kitupu zaidi ya km 400, wakati inawezekana kuna mtu alikosa nafasi ya Dodoma siku hiyo. Ndo maana nchi zilizoanza mambo haya zamani zina masharti. Uingereza, pale Watford Junction kaskazini mwa London, kwa miaka mingi treni nyingi za masafa zinazotoka Euston, stesheni kuu mojawapo ya London, kwenda kaskazini zimekuwa zikisimama kupakia tu, na zinazoingia London zinasimama kushusha tu. Yaani huruhusiwi kuzipanda Euston ushukie Watford, ingawa mlango unafunguka mbele ya macho yako. Wa Watford wana treni zao. Sharti linaonekana la roho mbaya mpaka uelewe kwamba bila hilo watu wa safari za dakika 20 wangejaza treni ya watu wa safari za saa kadhaa.

Halafu muda. Watu wanasema kusimama ni dakika moja tu. Siyo hivyo. Tuseme treni iko kwenye mwendo wa km 160 kwa saa na inapunguza taratibu bila kurusha watu, inahitaji kama km 2 mpaka isimame, na kama km 2 nyingine kurudi kwenye mwendo wake. Ukijumlisha na dakika 2 za milango kuwa wazi, umepoteza kama dakika 3 na nusu. Ukiwa karibu na jiji hasara inapungua, kwa sababu treni hapo bado haijashika mwendo, na hiyo ni hoja nzuri ya kuwa na kituo kimoja cha pembezoni. Lakini siyo hoja ya vinne. Pia kama hakuna njia ya pembeni pale kituoni, treni iliyosimama inaizuia iliyo nyuma yake, na siku treni zikiwa nyingi hilo ndo litakalouma kuliko dakika zenyewe.

Wajapani walifanya hivi kwa akili. Kituo cha Shinagawa kiliongezwa kwenye Tokaido Shinkansen, njia ya treni za kasi ya Tokyo hadi Osaka, mwaka 2003, hakifiki hata km 7 kutoka stesheni ya Tokyo, na siku hizi treni zote za njia ile zinasimama hapo. Lakini hakikuwekwa ili watu wa Tokyo waende kazini, hao wana treni zao za mjini zinazopishana kila dakika chache. Kiliwekwa ili mtu wa upande ule wa jiji aanzie hapo safari ya Nagoya au Osaka.

Naomba pia tusiite Nairobi Terminus, stesheni ya SGR ya Kenya kule Syokimau, kituo cha pembezoni. Iko pembezoni ndiyo, ila treni ya Mombasa inaishia pale, haipiti kwenda katikati ya jiji. Ndo maana kuna treni ya kuunganisha ya reli ya zamani inayokupeleka hadi stesheni ya mjini. Hilo ni jambo la tatu, stesheni kuu iliyojengwa nje ya jiji, na lina mjadala wake.

Kwa hiyo wenzangu wa Gongo la Mboto na Banana, madai yenu ya usafiri ni ya haki kabisa, ila yaelekezeni kwenye treni ya mjini: mabehewa zaidi, safari nyingi zaidi, mpaka za mchana na usiku. Pugu ya SGR muiache ifanye kazi yake ya kuwapakia wa Moro na Dodoma.