Ile Si Sala ya Waviking: Dhana Potofu Zinazotokana na The 13th Warrior

Nafundisha historia ya safari na biashara za karne za kati, na kila muhula tukifika kwenye Ukhalifa wa Baghdad lazima mwanafunzi anyooshe mkono aulizie ile filamu ya Antonio Banderas. Inaitwa The 13th Warrior: Banderas anaigiza Ibn Fadlan, mjumbe kutoka Baghdad, anayekuwa mtu wa kumi na tatu katika kundi la Waviking, wapiganaji wa kale wa Skandinavia, wanaokwenda kupambana na viumbe walaji watu. Ni ya mwaka 1999 lakini haizeeki. Vijana bado wanapeana kwenye flashi. Wengi wanaipenda, na mimi sina ugomvi na hilo. Mapigano ni ya nguvu, ukungu na mienge ya moto inatisha kweli, na si kila siku Hollywood inampa Mwislamu wa Baghdad nafasi ya mhusika mkuu tena mtu mwenye akili na adabu. Ugomvi wangu ni yale ambayo watazamaji wanatoka nayo na kuyabeba kama historia. Juzi nimetumiwa tena yale maneno ya kwenye filamu, "naona baba yangu, naona mama yangu", safari hii yakiwa tatuu kwenye mkono wa kijana, na chini yake limeandikwa neno Viking. Nimeona sasa niandike.

Dhana: "Naona baba yangu, naona mama yangu" ni sala ya kale ya mashujaa wa Viking

Hapa ndipo subira inaponiishia. Sala hiyo haimo katika saga, yaani masimulizi ya kale, za Iceland. Haimo kwenye mawe yaliyochongwa runi, yaani herufi za kale za Kaskazini, wala katika mashairi ya miungu ya Kaskazini. Chanzo chake ni kimoja tu: ripoti ya Kiarabu ya Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa, aliyewakuta wafanyabiashara wa asili ya Skandinavia waitwao Rus kando ya mto Volga mwaka 922. Na katika ripoti hiyo aliyesema hakuwa shujaa wala hakuwa anakwenda vitani. Alikuwa msichana mtumwa aliyebakiwa na muda mfupi sana wa kuishi.

Mkuu mmoja wa Rus alikuwa amefariki. Maiti ikawekwa kaburini kwa siku kumi wakati nguo zake zikishonwa. Watumwa wake wakaulizwa nani atakufa pamoja naye, na msichana mmoja akajibu kuwa ni yeye. Akishatamka hivyo harudi nyuma tena. Wakawekwa wasichana wawili wa kumlinda na kufuatana naye kila anakokwenda. Siku zile alikunywa na kuimba. Merikebu ikavutwa nchi kavu, ndani yake kikatandikwa kitanda kwa hariri ya Rumi, na mwanamke mzee ambaye Ibn Fadlan anasema walimwita Malaika wa Mauti akasimamia kila kitu.

Ijumaa, wakati wa alasiri, msichana akaletwa mbele ya kitu walichokitengeneza mfano wa fremu ya mlango. Akaweka miguu juu ya viganja vya wanaume, wakamnyanyua achungulie upande wa pili, kisha wakamshusha. Mara tatu. Mara ya kwanza alisema anamwona baba yake na mama yake. Mara ya pili, jamaa zake wote waliokufa, wameketi. Mara ya tatu, bwana wake yuko peponi, na pepo ni nzuri, ya kijani, ana wanaume na vijana pamoja naye, anamwita. Basi wampeleke kwake. Akavua bangili zake akampa yule mzee. Akapewa kikombe cha kileo, akaimba akiwaaga wenzake. Akapewa cha pili, akauvuta wimbo ukawa mrefu, mpaka yule mzee akamharakisha aingie kwenye hema lililokuwa juu ya merikebu. Ibn Fadlan alikuwa anatazama, na anaandika kwamba msichana alionekana kuchanganyikiwa. Mzee akamkamata kichwa akamwingiza ndani. Hapo wanaume wakaanza kupiga ngao zao kwa fimbo, na ripoti inaeleza kwa nini: sauti ya kilio chake isisikike, wasichana wengine wakaogopa na kukataa kufa na mabwana zao.

Alinyongwa kwa kamba huku akichomwa kisu kwenye mbavu.

Hiyo ndiyo "sala". Filamu yenyewe haikuficha asili yake. Mwanzoni kabisa kuna mazishi ya merikebu na msichana ananyanyuliwa akitamka maneno hayo. Lakini mwishoni yanarudi vinywani mwa wapiganaji kabla ya pambano, pepo ya kijani imegeuzwa kuwa Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliokufa, muziki umepanda, na mtazamaji anakumbuka tukio la mwisho tu. Msichana anasahauliwa. Katika biashara ile ya watumwa ya mto Volga walipita watu wengi mno, na waliotuachia hata sentensi moja wanahesabika. Huyu alituachia sentensi tatu, na hata hizo zimepita kwa mkalimani kabla ya kufika kwenye kalamu ya Mwarabu aliyesema "pepo" kwa sababu ndilo neno alilokuwa nalo. Kumnyang'anya na kumkabidhi askari mwenye shoka linaniudhi, na sitaacha kulisema darasani.

Anayetaka sala ya Rus kweli, ripoti hiyohiyo inayo. Mfanyabiashara akishuka kwenye chombo chake alikwenda mbele ya nguzo ya mti iliyochongwa uso wa mtu, amebeba mkate, nyama, vitunguu, maziwa na kileo. Anasujudu, anamwambia bwana wake kwamba ametoka nchi ya mbali na wasichana kadhaa na ngozi za manyoya kadhaa, anataja bidhaa zake zote, halafu anaomba aletewe mteja mwenye dinari na dirhamu nyingi, anunue kwa bei anayotaka muuzaji na asibishane. Biashara ikidorora anarudi na zawadi nyingine. Hiyo ndiyo sala ya mtu wa Kaskazini aliyoiandika shahidi, na wasichana wanaotajwa ndani yake ni bidhaa. Yule aliyenyanyuliwa mlangoni alikuwa mmoja wa wasichana wa namna hiyo.

Dhana: Ni hadithi ya kweli, maana Ibn Fadlan mwenyewe ameiandika

Ibn Fadlan hakupigana na mtu. Hakufika Skandinavia. Hakuwa wa kumi na tatu katika kundi lolote. Aliondoka Baghdad Juni 921 katika ujumbe rasmi wa Khalifa al-Muqtadir kwenda kwa Almish, mfalme wa Wabulgari wa Volga, ambaye aliomba afundishwe dini, ajengewe msikiti na apewe fedha za kujenga ngome ya kujikinga na Wakhazari. Walipita Bukhara na Khwarazm, wakafika Mei 922. Kazi yake ilikuwa kusoma barua ya Khalifa, kukabidhi zawadi na kuwasimamia mafakihi. Zile dinari 4,000 za ngome hazikufika, na mfalme alimbana yeye kwa hasira kuhusu fedha hizo. Hapo ndipo palipokuwa na hatari halisi ya safari ile, na kwangu mimi inavutia kuliko pango la walaji watu.

Yaliyobaki yalitungwa na Michael Crichton katika riwaya yake ya mwaka 1976, Eaters of the Dead. Sura za mwanzo aliegemea ripoti halisi, kisha akahamia kwenye Beowulf, utenzi wa kale wa shujaa anayepambana na madubwana, akauandika upya kana kwamba kuna Mwarabu aliyeshuhudia. Alitia hata tanbihi za kubuni zinazofanana na za wasomi, na watu wengi zikawapoteza. Baadaye alieleza wazi alichokifanya, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuendelea kubishana nami mwaka huu. Ripoti yenyewe imetufikia bila sehemu ya mwisho. Hati iliyogunduliwa Mashhad mwaka 1923 inakatika kabla ya safari ya kurudi. Pengo hilo ndilo lililompa mtunzi nafasi.

Wale viumbe wa ngozi za dubu, ambao katika riwaya wanadokezwa kuwa Neanderthali, binadamu wa kale, waliosalia, nao ni ubunifu. Neanderthali walitoweka yapata miaka 40,000 iliyopita.

Dhana: Alifukuzwa Baghdad kwa ajili ya mke wa mtu

Hapana. Hakuna neno hata moja la hilo katika ripoti. Alitumwa, akaenda.

Dhana: Alijifunza lugha yao kwa kuwasikiliza kando ya moto

Tukio hili watu wanalisifu sana, na kama sinema ni zuri. Ila Ibn Fadlan alitumia mkalimani, na anamtaja. Wakati merikebu ya mazishi inaungua, mtu wa Rus aliyekuwa kando yake alisema jambo na mkalimani, naye akauliza amesema nini. Akaambiwa: anasema nyinyi Waarabu ni wajinga, mnamchukua mtu mnayempenda kuliko wote mnamfukia aliwe na wadudu, sisi tunamchoma aingie peponi papo hapo. Bila mkalimani tungekosa mazungumzo haya, ambayo mimi nayaweka juu ya ripoti yote.

Dhana: Mapanga ya Viking yalikuwa mazito mno, Mwarabu hakuweza kuyanyanyua

Upanga wa enzi hizo ulikuwa na uzito wa kilo moja na kitu. Mtu mzima yeyote anaunyanyua. Kuunoa mpaka uwe umepinda, kama anavyofanya kwenye filamu, ni kuuharibu, na tena kwa lipi? Mapanga ya Waarabu wa karne ya 10 kwa kawaida yalikuwa yamenyooka vilevile. Kuhusu mavazi ya chuma, mmoja wa wapiganaji amevaa kofia ya mtindo wa askari wa Hispania wa karne ya 16. Ukiona hivyo, acha kuitumia filamu kama ushahidi wa mavazi. Angalau hawakuwavalisha pembe kichwani. Zile pembe zilienezwa na mavazi ya opera ya Wagner, Bayreuth, mwaka 1876.

Dhana: Walikuwa wachafu kuliko watu wote

Ibn Fadlan amesema hivyo, ndiyo, na tukio la beseni moja la maji linalopita kwa kila mtu, mmoja baada ya mwingine, akipenga kamasi ndani yake na kutema, limetoka kwake. Lakini msomaji aliyelelewa kwenye twahara anaona mara moja alichokuwa anakipima. Analalamika kwamba hawajisafishi baada ya haja, hawaogi janaba, hawanawi mikono baada ya kula. Ni macho ya mtu wa fikihi. Makaburi ya Skandinavia yamejaa vitana, na yuko mwandishi wa Uingereza ya karne za kati aliyelalamikia Wadeni kwa kuchana nywele kila siku na kuoga kila Jumamosi, eti kwa hivyo waliwavutia wanawake wa Kiingereza. Shuhuda zote mbili zisomwe pamoja.

Dhana: Beowulf ni hadithi ya Waviking

Ni utenzi wa Kiingereza cha kale, mistari 3,182, umebaki katika hati moja tu iliyonusurika moto wa mwaka 1731 na sasa iko British Library, London. Matukio yake yamewekwa Denmark na kusini mwa Sweden, na mfalme mmoja aliyemo, Hygelac, anajulikana pia katika historia ya Wafaranki: aliuawa mwanzoni mwa karne ya 6. Enzi ya Viking tunaihesabu kuanzia shambulio la Lindisfarne, monasteri ya kisiwani Uingereza, mwaka 793. Kati ya Hygelac na Ibn Fadlan kuna miaka 400. Filamu imewakutanisha kwa lazima.

Dhana: Kumweka Mwarabu kati ya Waviking ni uzushi wa Hollywood

Hii inatoka kwa watu wa upande wa pili, wanaodhani kila kitu ni uongo, nao wamekosea vilevile. Vita vile ni vya kubuni, lakini watu hawa walijuana kwa miaka mingi, sokoni. Julai 1999, wiki chache kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa, shamba moja la Spillings, kisiwa cha Gotland nchini Sweden, lilitoa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67. Ndani yake mlikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za nchi za Kiislamu. Zilifika huko kwa kubadilishana na manyoya na watu.

Na kwa sisi wa pwani hii kuna kiungo ambacho nashangaa hakitajwi mashuleni. Al-Masudi, mwanahistoria wa Kiarabu aliyeishi wakati mmoja na Ibn Fadlan, aliandika katika kitabu chake kuhusu Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki na watu wake, na kisiwa cha Qanbalu, ambacho watafiti wengi wanaamini ni Pemba. Alifika huko mara ya mwisho mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Kitabu hichohicho kinasimulia merikebu 500 za Rus zilizoingia Bahari ya Kaspi kupora. Zanj na Rus, katika kitabu kimoja, kwa kalamu moja.

Kwa hiyo itazameni filamu, kisha msome ripoti. Ni fupi, inamalizika kwa jioni moja. Watu hukimbilia mazishi. Mimi nashauri muanzie Jurjaniya, mji wa Khwarazm, pale Ibn Fadlan anapotoka hamamu wakati wa baridi kali, anaingia ndani, anakuta ndevu zake zimekuwa pande la barafu na inabidi azisogeze motoni ziyeyuke. Mkishamjua kama mtu, mkifika Volga mtamsoma vizuri zaidi.