Simulizi ya kweli nayo huandikwa upya

Kuna imani ya siku nyingi: kisa cha kweli huandikwa mara moja tu, maana mambo yalitokea hivyo hivyo, mhariri akikirudisha, mwandishi hana kipaji. Sivyo.

Wahariri hukataa kwa sababu za kawaida kabisa: makala ni ndefu mno, au walichapisha inayofanana nayo juzijuzi. "Hapana" tupu haipimi kipaji, peleka kwingine. Ikija na maswali, hapo pana kazi.

Tuseme umeandika kuhusu mafundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Mtunzi wa riwaya angeziba pengo kwa kubuni. Wewe huna ruhusa hiyo. Mhariri akiuliza fundi alisema nini alipokuwa akitia kalafati, yaani akiziba nyufa za mbao za chombo, na daftari lako liko kimya, itabidi urudi Matondoni ukamuulize. Mara nyingi (na hili ndilo linalouma hasa) jibu lake huipindua aya uliyoipenda kuliko zote. Ifute. Isitoshe, ukweli haukupangii mwanzo: uanze na mbao, na fundi mwenyewe, au na deni la mbao? Hilo huonekana baada ya rasimu kadhaa. Uchungu ukizidi, weka makala kando siku chache, kisha uisome kwa sauti.