Maria Magdalena hakuwa kahaba

Tangu utotoni, kila Maria Magdalena alipotajwa, nilisikia maneno yale yale: yule kahaba aliyetubu. Biblia haisemi hivyo popote. Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba, na kwamba yeye na wanawake wenzake walimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Mwanamke aliyemlowesha Yesu miguu kwa machozi, akaifuta kwa nywele zake, yumo katika Luka 7, na hatajwi jina. Ni Papa Gregori wa Kwanza aliyewaunganisha katika mahubiri ya mwaka 591, na sifa hiyo ikamganda. Makanisa ya Kiorthodoksi hayakuwachanganya.

Kinachoniuma ni kile tunachokikosa. Soma Yohana 20: amesimama nje ya kaburi, analia, anamdhania Yesu kuwa mtunza bustani, mpaka anapoitwa kwa jina lake. Ndipo anageuka. Yeye ndiye anayetumwa kuwapelekea wanafunzi habari za ufufuko! Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu, kama za mitume. Nikimsimulia mwanangu habari za Maria, naanzia pale kaburini.